Kupanda Ben Vrackie Kutoka Stesheni ya Pitlochry: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Wasomaji wengi mnaoishi Glasgow, Edinburgh na Dundee mmejaribu kupanda Ben Vrackie, mlima ulio juu ya mji wa Pitlochry, Scotland, na kurudi bila kufika juu. Mmoja alipotea kijijini kabla hata ya kuuona mlima. Wengine waliishia kwenye ziwa lililo chini ya kilele kwa sababu giza lilikuwa linaingia. Wapo pia waliofika kileleni, wakakaa dakika mbili ndani ya ukungu wakitetemeka, wakashuka bila kuona chochote.

Nadhani tatizo linaanzia kwenye namba. Kilele kina mita 841 tu. Dodoma, mji ambao hakuna mkazi wake anayejiona yuko mlimani, uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi na Mbeya ziko juu zaidi ya hapo. Aliyekulia huko akisoma "mita 841" anavaa raba na jinzi, anapanda treni ya mchana, anakwenda kutembea.

Urefu hautakushinda. Hewa ya kupumua ipo tele. Kinachowarudisha watu ni upepo, maji na saa, na yote matatu unaweza kuyashughulikia kabla hujatoka nyumbani. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla ya kugusa njia.

Nimechagua Pitlochry kwa sababu ni kati ya miji michache ya mlangoni mwa Highlands ambako unashuka kwenye treni na kuanza kutembea hapohapo, bila gari. Mwongozo ni wa kati ya Mei na Septemba. Kuanzia Novemba hadi Aprili njia hiihii inaweza kuwa na theluji na barafu, ikahitaji shoka la barafu, kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya buti) na mtu wa kukufundisha kuvitumia. Usianzie huko.

## Vitu vya kuandaa

Vya mwilini

- Koti la mvua lenye kofia, na suruali ya mvua. Vyote viwili, hata kama jua linawaka asubuhi. Mwavuli hauna kazi huko juu. Upepo utaugeuza nje ndani.
- Sweta mbili nyembamba za flisi au sufu badala ya jaketi moja nene. Ukipanda unatoka jasho, ukisimama unaganda. Nyembamba mbili unaweza kuvaa moja na kuvua moja.
- Fulana ya polista na suruali nyepesi inayokauka haraka. Pamba iache nyumbani. Inanyonya jasho, haikauki, na upepo ukiipiga inakutoa joto la mwili. Jinzi ni pamba nzito zaidi ya zote.
- Buti zenye soli ya meno na zinazoshika kifundo cha mguu. Zivae mitaani wiki mbili kwanza. Buti mpya siku ya mlima ni malengelenge ya uhakika.
- Kofia ya sufu na glavu. Ndiyo, hata Julai.

Vya kwenye begi

- Ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, namba OL49, ya kipimo cha 1:25,000, pamoja na dira.
- Simu yenye ramani uliyoipakua ili ifanye kazi bila mtandao, na pawabenki.
- Kurunzi ya kichwani. Taa ya simu haihesabiki, kwa sababu simu hiyohiyo ndiyo utakayopigia ukipata shida.
- Filimbi.
- Maji lita moja na nusu, na chupa ndogo ya chai ya tangawizi yenye sukari.
- Chakula kinacholika kwa mkono wenye glavu: chapati zilizokunjwa, mayai ya kuchemsha, tende, kashata. Kashata ya karanga inashinda vitafunio vingi vya madukani: tamu, mafuta yamo, haisagiki begini.
- Plasta, kibano cha kutolea kupe, mfuko wa dharura wa kujifunika, na mfuko wa plastiki wa kufungia nguo kavu. Begi nyingi zinazosemwa hazipitishi maji zinapitisha.

Kuhusu pesa: sweta, fulana na kofia nunua kwenye maduka ya hisani. Ni mitumba ileile tuliyoizoea, na Scotland imejaa watu wanaotoa nguo nzuri za milimani. Baadhi ya vyama vya wapanda milima vya vyuo vikuu huazima vifaa kwa wanachama, kwa hiyo uliza chuoni kwako. Koti la mvua na buti ndivyo vya kulipia. Maduka ya michezo ya Decathlon yana bei nafuu na ubora unaotosha kwa mlima huu.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa utabiri wa milimani

Utabiri wa kwenye simu unaozungumzia "Pitlochry" unazungumzia mji ulio bondeni. Kileleni ni hali nyingine. Kadiri unavyopanda joto hushuka, kwa wastani nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000, na upepo huongezeka. Mjini kukiwa nyuzi 14 na majani yanatikisika kidogo, juu panaweza kuwa nyuzi 9 na upepo wa kukuyumbisha.

Tumia utabiri wa MWIS, ambao ni huduma ya hali ya hewa ya milimani, au ukurasa wa milima wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza. Zote ni bure. Soma jioni ya siku iliyotangulia, halafu soma tena asubuhi. Angalia mambo matatu kwa mpangilio huu:

Upepo kwanza. Huandikwa kwa maili kwa saa. Kwa anayeanza, maili 25 kileleni ni kiasi cha kukubalika. Ukifika 35, ahirisha. Hicho ni kipimo changu na ni cha woga kidogo. Mzoefu anaweza kucheka.

Pili, wingu. MWIS hutoa asilimia ya uwezekano wa vilele kuwa bila wingu. Chini ya asilimia 50, jiulize unakwenda kuona nini.

Mwisho, mvua. Mvua nyepesi isiyo na upepo inavumilika ukiwa na koti. Watu wengi huanza na mvua na kusahau upepo, wakati upepo ndio unaoangusha.

*Utajua umefaulu* ukiweza kumwambia mwenzako kwa sentensi moja: "Kesho juu kuna upepo wa kiasi hiki, wingu liko mita kadhaa, mvua inaanza saa fulani." Kama huwezi, rudia kusoma.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya saa, kisha ndipo ukate tiketi

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Watu hukata tiketi ya treni inayowaacha walale zaidi asubuhi, kisha wanajaribu kuubana mlima ndani ya saa zilizobaki. Geuza mpangilio huo.

Kanuni ya Naismith, inayotumika na wapanda milima wa Scotland tangu 1892, inasema: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka stesheni hadi kileleni ni karibu kilomita 6.5 na kupanda karibu mita 730. Kilomita zinakupa saa 1 na dakika 18. Kupanda kunakupa saa 1 na dakika 13. Jumla saa mbili na nusu kwenda, na kama saa 1 na dakika 20 kurudi.

Naismith hakuhesabu kupumzika, kula, kupiga picha wala kumsubiri rafiki anayefunga kamba za viatu. Kwa kundi la wanaoanza mimi huongeza nusu ya jumla yote. Inakuwa karibu saa 5 na dakika 45 kutoka stesheni hadi stesheni. Panga saa sita, na ubaki na saa mbili za mwanga juu yake.

Katikati ya Juni si shida, kwa sababu jua huzama Pitlochry kama saa nne usiku. Mwishoni mwa Septemba huzama kama saa moja jioni, yaani 19:00 kwenye ratiba ya treni. Desemba huzama karibu saa tisa na nusu alasiri, 15:30, na hiyo ni sababu nyingine ya kutouanza mlima huu wakati huo.

Treni. Pitlochry iko kwenye reli ya Perth kwenda Inverness. Kuna treni za moja kwa moja kutoka Glasgow na Edinburgh, mwendo wa kati ya saa moja na nusu na mbili. Si nyingi kwa siku, na Jumapili hupungua na kuchelewa kuanza, hivyo chagua Jumamosi au siku ya kazi. Mwenye umri wa miaka 16 hadi 25, na mwanafunzi wa muda wote hata akiwa na umri mkubwa zaidi, anaweza kununua kadi ya reli inayopunguza theluthi ya nauli.

Basi. Mabasi ya Citylink yanayokwenda Inverness hupitia hapo. Kama unaishi Scotland na hujafikisha miaka 22, omba kadi ya kusafiri bure kwenye mabasi. Wanafunzi wengi wa kigeni hawajui kwamba ni haki yao pia.

Sasa weka saa ya kugeuka. Kwa mfano ukishuka stesheni saa nne asubuhi, saa ya kugeuka iwe saa nane mchana. Ikifika, mnageuka popote mlipo, hata kama kilele mnakiona. Iandikeni kwenye simu za wote kabla ya treni kuondoka, maana ukiwa juu hakuna anayependa kuwa wa kwanza kusema "turudi".

Mwisho wa hatua hii, mwachie mtu asiyekwenda ujumbe: njia mnayopita, idadi yenu, treni ya kurudi, na saa ambayo akiwa hajasikia kitu apige simu polisi.

*Utajua umefaulu* ukiwa na treni mbili za kurudi unazozijua, ile unayoitaka na ile ya baada yake.

## Hatua ya 3: Kutoka stesheni hadi Moulin

Tumia choo mjini. Huko juu hakuna. Jaza maji. Ukikosa kitu, barabara kuu ya Atholl Road ina maduka ya chakula na ya vifaa vya milimani.

Kutoka Atholl Road tafuta West Moulin Road, ambayo ni barabara ya A924, na uifuate ikipanda hadi kijiji cha Moulin. Ni kama kilomita moja na kidogo, dakika 20 za polepole.

Wanaopotea hupotelea hapa. Wakifika Moulin wanaendelea na A924 inayotoka kijijini kuelekea mashariki, wakidhani njia ya mlima itajitokeza mbele. Haitajitokeza. Ukiiona hoteli ya zamani ya Moulin, kuta nyeupe, acha barabara kuu na ushike kijia cha lami kinachopita nyuma yake kikipanda. Kuna vibao vya Ben Vrackie. Baada ya mita mia chache unakuta maegesho madogo msituni. Njia inaanzia hapo.

*Utajua umefaulu* ukiwa kwenye maegesho yenye miti pande zote na kibao cha njia. Ukijikuta unatembea kando ya magari yaendayo kasi, rudi hotelini uanze upya.

Vua sweta moja kabla ya kuanza kupanda. Utasikia baridi dakika tano, halafu utashukuru. Anayeanza akiwa amevaa kila kitu huloana kwa jasho msituni, kisha jasho hilo linamgandisha kwenye uwazi wa juu.

## Hatua ya 4: Msitu na uwanda

Njia inapanda ndani ya msitu karibu na kijito, inavuka barabara ya shamba, inaendelea kwenye miti, halafu inafika kwenye geti. Ukipita geti unatoka kwenye miti na mlima unaonekana mbele kwa mara ya kwanza. Mwinuko hapa ni wa kawaida.

Mwendo sahihi ni ule unaokuwezesha kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Waongozaji wa Kilimanjaro husema "pole pole" kwa sababu ya hewa nyembamba. Hapa hewa si nyembamba, ila anayekimbia msituni huwa hana miguu ya kupandia ngazi za mwisho, na ngazi za mwisho ndizo mlima wenyewe.

Geti liache ulivyolikuta. Lililofungwa lifunge, lililo wazi liache wazi. Kuna kondoo, na mfugaji ana sababu zake. Ukikuta ng'ombe na ndama, zunguka mbali.

Swali ninaloulizwa sana na watu wa kwetu: je, hili ni shamba la mtu, nitakamatwa? Ardhi ina mwenyewe, ndiyo. Lakini sheria ya ardhi ya Scotland ya 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu mashambani na milimani mradi afanye hivyo kwa uangalifu. Huhitaji kibali, hulipi kiingilio, na haki hiyo haiangalii pasipoti. Tembea kifua mbele. Utakaopishana nao watakusalimu. Itikia, ni desturi yao mlimani hata kama mjini hawakuangalii usoni. Kuanzia Agosti kunaweza kuwa na uwindaji, na ukikuta tangazo linaloomba watu wapite upande fulani, lifuate.

Huko kwenye uwanda utafika mahali njia inapogawanyika, tawi moja likienda kushoto kuelekea Killiecrankie. Ni matembezi mazuri ya siku nyingine. Wewe shika njia pana inayoendelea mbele kuelekea mlimani.

Usikate njia ya mkato. Udongo mweusi pembeni umejaa maji chini ya majani, na mguu unaweza kuzama hadi gotini. Mguu ukishaloana mapema, siku nzima ni ya soksi mbichi. Pia kila anayetoka nje ya njia huipanua, na mlima unabaki na kidonda.

*Utajua umefaulu* njia ikipita kati ya vilima viwili vidogo, kisha ziwa likatokea mbele yako ghafla na ukuta wa mlima umesimama nyuma yake.

## Hatua ya 5: Ziwani, mahali pa kuamua

Ziwa linaitwa Loch a' Choire. Simama hapa dakika 15 hata kama hujachoka.

Vaa sweta kabla hujasikia baridi. Kula chapati. Kunywa. Angalia saa.

Kwa Waislamu, hapa ndipo pa kuswali kuliko kileleni: kuna sehemu tambarare, maji ya udhu yapo, na vilima vinakata upepo kidogo. Kibla kutoka Scotland ni upande wa kusini-mashariki, na dira unayo. Anayehitaji kujisaidia aende mbali, angalau mita 30 kutoka kwenye maji yoyote, afukie, na karatasi airudishe nyumbani kwenye mfuko. Maji haya usiyaogelee. Ni ya baridi hata kiangazi, na mwili unaotoka jasho ukiingia humo unaweza kushtuka hadi kushindwa kupumua.

Sasa tazama juu na mjibu maswali haya kwa sauti, kila mtu:

- Kilele kinaonekana? Kama wingu limekifunika na linashuka, simameni hapa.
- Upepo unakuyumbisha ukiwa umesimama wima? Hapa ni bondeni. Juu utakuwa mkali zaidi.
- Kuna aliyeloana, anayetetemeka au aliyeacha kuongea? Mwendo wa kundi ni mwendo wa huyo.
- Zimebaki angalau dakika 75 kabla ya saa ya kugeuka?

Jibu moja likiwa baya, rudini. Si kushindwa. Kutoka stesheni hadi ziwani na kurudi ni matembezi ya siku nzuri kabisa, na wapo wenyeji wanaokuja hadi hapa tu. Nasisitiza hatua hii kwa sababu chini ya ziwa kosa linakugharimu soksi. Juu ya ziwa linaweza kuhitaji helikopta.

## Hatua ya 6: Ngazi za mawe

Njia inapita kwenye ukuta mdogo wa bwawa unaozuia maji ya ziwa na kuanza kupanda moja kwa moja. Mawe yamepangwa kama ngazi, kazi kubwa ya watu wa kutunza njia, ila ngazi hazilingani: moja fupi, inayofuata inafika gotini.

Hesabu hatua 50, simama pumzi tano, endelea. Mbinu hii inashinda ile ya kupanda hadi uchoke, kwa sababu aliyechoka kabisa hukaa chini, na aliyekaa chini hupoa. Weka unyayo mzima kwenye jiwe, siyo vidole peke yake. Jiwe lenye kung'aa kwa maji au kuvu la kijani liruke.

Msiachane. Mwenye kasi apande mbele ngazi ishirini, asubiri. Wa mwisho akifika apewe muda wa kupumua naye; ni mtindo mbaya sana wa mbele kuinuka mara tu wa nyuma anapowasili.

Kabla ya kuingia kwenye sehemu ya juu, geuka nyuma utazame ziwa. Kumbuka liko upande gani na njia inatokaje. Toa dira uone mwelekeo wa njia na uuandike. Ukungu ukishuka ukiwa kileleni, mwelekeo huo ndio utakaokutoa, na ukungu huku unaweza kufunga kwa dakika chache.

*Utajua umefaulu* mwinuko ukipungua, mawe yakatawanyika, na upepo ukakupiga kutoka upande ambao hukuutarajia. Kilele kiko hatua chache.

## Hatua ya 7: Kileleni

Kuna nguzo ya zege ya wapima ramani na bamba la duara linaloonyesha majina ya milima unayoiona. Vaa kila ulicho nacho kwanza, ndipo upige picha. Upande wa magharibi tafuta Schiehallion. Kaskazini kuna Beinn a' Ghlò, mlima wenye vilele vingi na madoa ya mawe ya kijivu. Bondeni utauona mji ulikoshukia.

Usiegemee kingo zinazoangalia ziwa. Kuna majabali yanayoshuka ghafla. Anayerudi nyuma nyuma kutafuta picha ya kundi zima ashikwe mkono.

Dakika 20 zinatosha. Waliokaa sana juu ndio wanaoanza kushuka wakiwa na vidole visivyoshika.

## Hatua ya 8: Kushuka kwa njia ileile

Kuna njia nyingine za kushukia kwenye ramani. Kwa mara ya kwanza zisahau.

Watu wengi huteleza wakishuka kuliko wakipanda: magoti yamechoka na akili imeshafika kwenye treni. Kaza kamba za buti ili vidole visigonge mbele. Piga hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, macho kwenye jiwe linalofuata. Ukitaka kutazama mandhari, simama. Ukitaka kujibu simu, simama.

Kula tena ziwani hata kama huna hamu. Msituni giza huingia mapema kuliko kwenye uwanda, basi toa kurunzi kabla hujaihitaji.

## Mambo yakiharibika

Ukungu umefunga na njia huioni. Simama. Usishuke kwa kubahatisha, kwa sababu upande rahisi wa kushuka unaweza kuishia kwenye jabali. Kusanyeni watu, tazama ramani na dira, rudini mahali pa mwisho mlipokuwa na uhakika.

Mtu anajikwaa ovyo, maneno yanakuwa mazito, hajali chochote. Hiyo ni baridi imeingia mwilini, na mwenyewe hatajua. Mkingeni na upepo, mvueni nguo mbichi, mvisheni kavu, mtieni kwenye mfuko wa dharura, mpeni chai tamu kama anaweza kumeza vizuri. Pombe hapana.

Mtu hawezi kutembea. Piga 999 au 112, omba polisi, kisha uombe waokoaji wa milimani. Taja namba za gridi, yaani zile za mistari ya ramani inayokatana mlipo, idadi yenu, jeraha lenyewe na hali ya hewa. Simu ikikosa mtandao wa kampuni yako, namba ya dharura inaweza kupita kwenye mtandao wa kampuni nyingine. Leo, kabla hujaenda, tuma ujumbe wenye neno "register" kwenda 999 ufuate maelekezo. Ukisajiliwa unaweza kuomba msaada kwa ujumbe mfupi pale sauti isipopita. Waokoaji wa milimani Scotland wengi wao ni watu wa kujitolea na hawatozi pesa. Usichelewe kupiga kwa kuogopa bili.

Huna simu kabisa. Puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Usiku fanya hivyo kwa kurunzi.

## Ukifika nyumbani

Kagua kupe: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, nyuma ya masikio, kwenye mstari wa nywele. Wa Scotland ni wadogo sana, wengine kama punje ya ufuta. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumpaka mafuta wala kumchoma. Baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme. Ukiona wekundu unaotanuka kuzunguka mahali alipouma ndani ya wiki zinazofuata, au ukapata homa, nenda kwa daktari umwambie ulikuwa mlimani. Visubi nao hutesa kuanzia Juni hadi Septemba, hasa jioni tulivu karibu na maji; wanawasha tu.

Buti zikaushe kwa magazeti ndani yake, mbali na hita. Joto kali linapasua gundi ya soli.

## Kama bado unasita, na kama tayari umemaliza

Anayeogopa mita 841 aanze na Craigower, kilima cha mita 407 kaskazini mwa Pitlochry, kinachofikika kwa miguu kutoka mjini. Kinatosha kujaribu buti, koti na mwendo wa kundi ndani ya nusu siku. Kama suruali ya mvua inabana au mwenzako hana subira, utagundua ukiwa kwenye kilima kidogo.

Aliyemaliza Ben Vrackie akiwa bado na nguvu atazame Schiehallion, mita 1,083. Huo umevuka mita 914, kwa hiyo unahesabiwa kati ya milima 282 ya Scotland inayoitwa Munro. Njia ya kawaida inaanzia maegesho ya Braes of Foss, ambako treni haifiki, hivyo tafuta mwenye gari. Sehemu ya juu ni mawe makubwa yaliyolala ovyo kwa umbali mrefu, na ngazi zilizopangwa hazipo. Ongeza saa moja kwenye hesabu ya Naismith kwa ajili ya mawe hayo peke yake, na usiende baada ya mvua.